Sezim Amekuondoa

Baba mkwe wake Sezim alikata roho saa mbili asubuhi, chai yake bado inafuka moshi dirishani. Kabla saa nne haijafika, hema jeupe la sufu lilikuwa limeshasimamishwa uani, juu ya theluji. Kila aliyepita barabara ya Ak-Kuduk alijua maana yake. Hema likisimama uani mwezi wa Februari, si harusi.

Wanaume walimwingiza marehemu hemani wakamlaza nyuma ya pazia. Bi Kalipa, mjane wake, akaketi karibu naye pamoja na wanawake wa ukoo, wote wameupa mgongo mlango na kuzikabili fito za ukuta, wakaanza mbolezi, nyimbo za kumlilia. Nje, Mirlan, mume wa Sezim, alisimama ameegemea fimbo kama desturi inavyomtaka mtoto wa kiume, akimlilia baba yake kwa sauti kila mgeni alipotokea getini. Sezim hakupata nafasi ya kulia. Mkamwana hana msiba siku ya msiba. Ana kuni, ana mabirika, ana vikombe sitini vya kuazima ambavyo jioni vitahesabiwa na wenyewe.

Wanawake walikuwa wamemfunga kitambaa cheusi kichwani, naye akawa anazunguka nacho kati ya jiko na hema kama mtu aliyebebeshwa kitu cha mwenzake.

Sezim alikuwa anapanga vikombe wakati Baba Mkubwa Osmon, kaka wa marehemu, alipokuja mlangoni mwa jiko. Osmon hakuwa mtu wa kuingia jikoni. Alisimama kizingitini, akauliza kama ni kweli yeye Sezim ndiye mkubwa wa lile kundi la ukoo kwenye simu.

Sezim akakubali kwa kichwa. Kundi lilikuwa na watu themanini na wanne, nusu yao wako ughaibuni. Yeye ndiye aliyelianzisha mwaka alioolewa, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na mwingine aliyejua namna. Humo ndimo zilimopita baraka za Ijumaa, bei za kondoo, meno ya kwanza ya watoto na ndoto zinazotafutiwa tafsiri.

"Mtoe Burul," akasema Osmon.

Burul alikuwa dada yake Mirlan. Yuko Moscow, ana mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilimtoka mwaka juzi, ikiwa ya miezi saba, na leo mumewe alikuwa kwenye ujenzi mji wa mbali, asingeweza kurudi kabla ya usiku. Osmon hakuyataja hayo, maana kila mtu aliyajua. Alichosema ni kuwa mtoto wa Jakyp, yule wa nyumba ya chini, alipata habari za mama yake kwenye kundi kama hilo. Alikuwa kwenye foleni ya mkate. Watu themanini walimpa pole na hapakuwa na hata mmoja wa kumshika bega. Mkate akaununua, akaondoka nao, na tangu siku hiyo hajapiga simu nyumbani.

Kwao habari ya kifo haitumwi kama barua. Mtu huendewa. Wanawake wawili watatu hukaa kulia na kushoto kwake, na mzee mwenye ulimi laini huanza mbali kabisa, kwenye mito na farasi na mwewe, akija taratibu, mpaka mfiwa mwenyewe alifikie lile neno kabla halijatamkwa, na anapolifikia awe tayari ameshikwa mikono. Hiyo huitwa uguzuu. Hata Moscow walikwenda nayo. Kule mwenye kazi hiyo alikuwa Mzee Sabyr, mlinzi wa ghala, na vijana wa bonde lao walikuwa na utani kwamba Mzee Sabyr akikubishia hodi siku ya kazi, usimfungulie. Ameshapigiwa, akasema Osmon. Yuko njiani na wanawake wawili.

"Baba Mkubwa," Sezim akasema, akiangalia vikombe, "ataona."

"Ataona nini?"

"Kwamba ametolewa. Simu itamwambia."

Osmon hakuelewa, na hakuwa na desturi ya kueleweshwa na wakamwana. Mirlan alikuwa amekuja nyuma yake, macho mekundu, fimbo mkononi. Akachukua simu ya Sezim mezani, akamwonyesha. Juu ya kundi palikuwa pameandikwa: Shangazi Zuura anaandika.

Shangazi Zuura wa mjini Bishkek alikuwa ameshapata habari, na alikuwa na mkono mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Angemaliza wakati wowote.

"Fanya, Sezim," Mirlan akasema.

Sezim alilitafuta jina. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza, na pale chini, katikati ya ukurasa, yakatokea maneno madogo ya kijivu kwamba amemwondoa Burul. Sekunde tatu baadaye, rambirambi za Shangazi Zuura zikaingia, ndefu, na njiwa wawili mwishoni.

Mirlan akashusha pumzi. Kisha akachukua simu aandike tangazo lenyewe, kwa kuwa Sezim asingeweza. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka wala kuliandika jina la baba mkwe wake, ndiyo adabu. Jina lilikuwa Tashtan, na kwa lugha yao tash ni jiwe, kwa hiyo hata jiwe Sezim hakuliita jiwe. Aliliita "kigumu", mpaka watoto wa darasa la kwanza aliowafundisha wakazoea kurushiana vigumu. Mzee mwenyewe alicheka sana siku aliyoambiwa.

Kilichomkaa Sezim rohoni hakikuwa tangazo. Kilikuwa ule ujumbe wa jana.

Wiki tatu mzee alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Na wiki tatu, kila Burul alipopiga simu ya video, walimwambia asubiri kidogo. Walimvika mzee koti lake la mahameli, wakamtia kofia, wakamkalisha dirishani penye mwanga. Akisema maneno mawili matatu, mtu anadakia kuwa mtandao unasumbua. Walifanya hivyo kwa ajili ya ile mimba. Jana jioni Burul akaandika kwenye kundi, mbele ya watu wote themanini na watatu:

"Mnanionyesha baba yangu kama bidhaa ya dukani, mmemfuta vumbi na kumpanga. Nani kati yenu ataniambia ukweli? Au mmekuwa waongo wote?"

Hakuna aliyejibu. Watu sabini waliusoma. Binamu mmoja aliweka uso unaong'ata meno, halafu akauondoa.

Na sasa Burul ametolewa.

*

Simu ya Sezim ilianza kuita saa tano na nusu, jina la Burul kiooni. Sezim alikuwa amebeba birika. Osmon, aliyekuwa ameketi na wazee karibu na moto, akatikisa kichwa: usipokee. Ikaita mpaka ikachoka. Ikaita tena. Wageni kutoka kijiji cha juu wakawa wanamtazama, huyu mkamwana gani simu yake inaimba msibani, naye akaifunika kwa kiganja ndani ya koti huku uso unamwaka.

Halafu ukaja ujumbe. "Wifi, kumbe mmenifukuza." Na mwingine: "Na wewe ndiye uliyebonyeza."

Watu hao wawili walikuwa hawajawahi kugusana mikono. Burul alikwenda Moscow miezi mitano kabla Sezim hajaolewa, na harusi aliiona kwenye simu iliyoegemezwa kwenye gudulia la jamu. Lakini miaka mitatu hii hakuna siku waliyolala bila kusemeshana. Sezim alikijua kikohozi chake, alijua anavyonyonya meno akikasirika. Usiku ile mimba ya kwanza ilipotoka, alikaa naye kwenye simu mpaka kulipokucha, hawasemi kitu, simu ziko juu ya mito ya kulalia, kila mmoja anasikiliza mwenzake anavyopumua. Katika nyumba hii ambayo hapaswi kuinua sauti wala macho, mtu pekee aliyemjua Sezim vizuri alikuwa ndani ya kioo cha simu.

Akairudisha simu ndani ya koti. Akamimina chai.

Baada ya hapo ile simu ikanyamaza. Sezim alikuwa anaingia hemani na sinia la mkate aliposikia mlio mwingine, mlio wa zamani, wa simu ya mzee. Bi Kalipa alikuwa ameitia mfukoni mwake asubuhi ile walipokuwa wanamvua marehemu koti, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kuiweka. Ikalia mara moja, mara mbili. Bi Kalipa, bila kuikatisha mbolezi, akaingiza mkono mfukoni aizime. Hakuwa amezoea kuishika simu ile. Kidole chake kikagusa kisipopajua.

"Baba, ni mimi."

Ulikuwa ujumbe wa sauti, na sauti ya Burul ikajaa hema zima. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja.

"Nimetolewa kwenye kundi. Najua ni kwa yale niliyoandika jana. Baba, nilisema kwa uchungu, sikusema kwa kiburi. Kama ni wewe umeamuru, sawa, wewe ni baba. Lakini waambie wanirudishe. Huku sina mtu. Naamka, nakwenda kwenye kundi, nasoma bei za kondoo, ndiyo nakuwa nimefika nyumbani. Nisamehe, Baba. Nisamehe halafu unirudishe."

Ile alama ndogo ya kusikiliza, Sezim aliiona kutoka mlangoni, ikageuka buluu. Akajua kule Moscow nako imegeuka buluu.

Haikupita dakika. Simu ikalia tena mkononi mwa Bi Kalipa, na safari hii alibonyeza kwa makusudi.

"Naona umenisikiliza. Kama umekasirika nitukane, Baba. Nitukane tu, nisikie sauti yako."

Nyuma ya pazia hakuna kilichojibu. Mwanamke mmoja akaanza kulia kilio ambacho si cha mbolezi, cha kwake mwenyewe. Osmon akatokea mlangoni, akasema simu hiyo izimwe, si mahali pake, maiti anahitaji heshima.

Bi Kalipa hakugeuka. Kwa miaka arobaini alikuwa hajawahi kumjibu shemeji yake mbele za watu.

"Shemeji," akasema, akiutazama ukuta, "sauti hiyo ni ya mwanangu. Sizimi."

Osmon akasema, kwa sauti ya chini zaidi, alichokuwa amekuja kukisema. Mzee Sabyr amepiga simu. Wamesimamishwa stesheni, wanakaguliwa vibali, yeye na wale wanawake. Wakiachiwa sasa hivi, bado wana mwendo wa saa nzima.

Bi Kalipa akafikiri. Akamwita Sezim kwa mkono, akamvuta mpaka masikio yakakaribiana.

"Nenda kaongee naye. Usimwambie. Wala usimwache. Mshike mpaka wenye kumshika wafike."

Sezim akataka kuuliza mtu hushikwaje kwa simu. Akatoka nje.

*

Mahali pekee palipokuwa na kimya ni zizi la ng'ombe, nyuma ya nyumba. Sezim akafunga mlango, akasimama kati ya ng'ombe na rundo la nyasi kavu. Alipoinua simu akajiona kwenye kioo na kile kitambaa cheusi. Akakivua haraka, akakisokomeza mfukoni mwa koti, akazilaza nywele kwa kiganja. Akapiga.

Burul alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda katika chumba wanachokaa wanawake watano. Wenzake wote walikuwa kazini. Uso ulikuwa umevimba kwa kulia. Tumbo lilikuwa kubwa kuliko wiki iliyopita, amelaza mkono juu yake kama mtu anayetuliza mtoto wa jirani.

"Kidole kiliteleza," Sezim akasema.

Burul akanyonya meno. "Kikateleza mpaka kwenye jina langu. Simu ikakuuliza una hakika, kikateleza tena kikasema ndiyo."

"Wifi."

"Una kidole chenye elimu, mwalimu."

Sezim alitaka kucheka, akashindwa. Akaanza kusema chochote. Akamwambia ng'ombe anakaribia kuzaa, na safari hii hana hasira. Akamgeuzia simu amwone. Burul akamtazama ng'ombe kwa heshima, akauliza kama jicho la kushoto limepona. Limepona. Akauliza kama mkate wa leo umeumuka. Umeumuka. Akauliza, kama mtu anayepita tu, kama Baba amesikia sauti aliyomtumia.

"Amelala," Sezim akasema.

"Lakini imegeuka buluu."

"Mama ndiye aliyebonyeza."

Hilo lilikuwa kweli, na Sezim alishangaa jinsi ukweli mmoja mdogo ulivyomtuliza. Burul naye akatulia kidogo. Basi si kwamba Baba amesikia akanyamaza, akasema. Alikuwa anaogopa hilo tu.

Kisha akawa anautazama uso wa Sezim, si macho, juu kidogo ya macho.

"Wifi, kitambaa chako kiko wapi?"

Mkono wa Sezim ukapanda kichwani wenyewe.

"Miaka mitatu nimekuona unakanda, unafua, unaumwa jino," Burul akasema polepole. "Umelia mbele yangu. Nywele zako sijawahi kuziona."

Mkamwana hakai kichwa wazi kwa wakwe zake, mchana, hata zizini. Mtoto wa miaka sita kijijini kwao analijua hilo. Sezim alilijua kuliko jina lake, na alikuwa amelisahau kwa sababu alikuwa anaficha kitambaa kingine.

"Kimelowa," akasema.

"Kimelowa." Burul akaendelea kutazama. "Ni nyeusi sana. Nilidhani una nywele za kahawia."

Ng'ombe alikuwa anatafuna. Kutoka uani, kupitia ukuta wa udongo, sauti ya Mirlan ilifika ikiwa nyembamba, anampokea mgeni mwingine kwa kilio. Sezim akaifunika simu kwa koti, akajua amechelewa.

"Mzee Sabyr yuko njiani?" Burul akauliza.

Sezim akafungua mdomo.

"Usinijibu." Burul alikuwa ameinua kiganja. "Usiseme kitu, wifi. Nakuomba. Si kwa simu. Waje waniambie kama watu wanavyoambiwa."

Akainuka, mkono mmoja ukutani. Kioo kikaonyesha dari, taa, kona ya kabati. Kilisikika kitasa kikizungushwa. Aliporudi alieleza kuwa amefungua mlango kabisa, asije akashindwa kuinuka wakati ule. Akajiegemeza kwenye mto, akaiweka simu juu ya tumbo, karibu, mpaka Sezim akawa anamwona kidevu na pua.

"Haya. Niambie habari za ng'ombe."

Sezim akamwambia tena habari za ng'ombe. Alipofika mwisho akaanza mwanzo. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haikatiki, ustadi ambao mkamwana huupata bila kufundishwa. Burul akawa anaitikia, "enhe", "enhe", mikono yote miwili tumboni.

"Wiki tatu hizi," akakatiza mwishowe. "Pale dirishani."

"Enhe."

"Alikuwa anakaa mwenyewe?"

Sezim aliambiwa asimwambie jambo moja. Hili halikuwa lile.

"Hapana. Nilikuwa nachuchumaa nyuma ya kiti, nimemshika kiunoni."

"Niliona vidole," Burul akasema. "Chini ya koti. Nikajiambia ni mkunjo wa kitambaa. Kila siku naviona, kila siku najiambia ni mkunjo." Akavuta pumzi. "Mngeniambia mapema, ningekuja. Nikiwa na miezi saba ndege bado zingenichukua."

"Tuliogopa."

"Mimi nilikuwa naogopa peke yangu. Mngenipa nafasi ya kuogopa na nyinyi."

Sezim akasema ndiyo. Akasema yeye alitaka kumwambia, akakosa ujasiri, na kila usiku walipokuwa wanaongea alikuwa anajikuta anahadithia mkate. Burul hakumsamehe wala hakumlaumu. Aliuliza tu kama jana usiku Baba alisomewa yale maneno.

Mambo mengi ya asubuhi ile Sezim alikuwa ameyabeba, lakini hili ndilo alilokuwa amelibeba kwa uangalifu, kama yai. Alisomewa, akasema. Mimi ndiye niliyemsomea. Mama hakutaka, Baba mwenyewe akasema soma. Nikasoma yote, na lile neno la bidhaa, na lile la waongo.

"Akasemaje?"

"Akacheka. Hana nguvu lakini akacheka, mpaka akakohoa. Akasema, 'Huyu ndiye mtoto pekee niliyemzaa na macho.' Akaniambia nikuandikie kwamba una haki. Nikasema nitaandika kesho, mkono ulikuwa na unga."

Burul akapangusa pua.

"Una unga mkononi kila siku, wewe," akasema.

Sezim akaketi kwenye nyasi, mgongo ukutani, simu usoni, na wakawa wanasikilizana pumzi kama ule usiku mwingine. Ilipita nusu saa, labda na zaidi. Mara moja Burul alisema mtoto amegeuka. Mara moja aliuliza kama theluji ni nyingi. Sezim alivitia vidole mdomoni kimoja kimoja vipate joto, akibadilisha mkono wa simu, na hakuthubutu kuangalia chaji.

Halafu, kwa mbali, kwenye ngazi za jumba asilowahi kuliona, mwanaume mzee alisikika akipanda huku anakohoa kwa sauti, kama inavyompasa mgeni.

"Wamefika," Burul akasema. "Usikate, wifi."

Simu ikalazwa. Sezim akaiona dari. Akasikia viatu, mabegi, wanawake wawili wakisema njoo hapa mwanangu, sogea, nipe mkono huu, nawe shika ule. Akasikia Mzee Sabyr akipumua kwa shida za ngazi, kisha akianza, mbali kabisa.

"Mwanangu Burul. Nimekuja kukuuliza. Umewahi kuona farasi aliyefungwa asikate kamba? Umewahi kuona mto uliopita mlangoni ukarudi kuaga? Mwewe wa bonde letu, aliyekaa juu ya mwamba miaka sabini na moja, leo asubuhi tumetazama juu ya mwamba."

Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza.

*

Sezim alikitoa kitambaa mfukoni, akajifunga, akatoka zizini ameishika simu mbele yake kwa mikono miwili kama anayebeba bakuli lililojaa. Wanaume walio karibu na moto wakamtazama. Kilio cha Burul kilikuwa kinamtoka mikononi. Hakumwangalia mtu, akaingia hemani.

Bi Kalipa alisogea. Kati yake na shangazi wa marehemu palikuwa na nafasi ambayo tangu asubuhi hakuna aliyeikalia, nafasi ya binti. Sezim akaweka mto pale, akaiegemeza simu juu yake, kioo kikiukabili ukuta kama nyuso za wanawake wengine.

Wakaanza tena mbolezi. Binti ndiye anayepaswa kuiongoza, na Burul aliiongoza, sauti imekwaruza, akimwita baba yake mwewe, akimwita mlango, akimwita aliyemzaa na macho. Lakini sauti yake ilikuwa inachelewa. Kila mstari ulifika kidogo baada ya wao kuumaliza. Wakaitikia wakati bado anaimba, akaimba wakati wameshaitikia, na kwa muda hema zima likawa vurugu, vilio vinakanyagana. Mwanamke mmoja wa kijiji cha juu akanong'ona kuwa haya ndiyo mambo ya simu.

Bi Kalipa akapiga goti lake kwa kiganja, mara moja, wakanyamaza. Walipoanza tena alikuwa anaimba polepole sana, mwisho wa kila mstari anasimama, anangoja. Wenzake wakamfuata. Waliimba mstari, wakangoja, na katika kile kimya sauti ya Burul ikafika kutoka Moscow, ikakaa mahali pake.

Chaji ilikuwa asilimia sita. Osmon aliinama mlangoni, na Sezim akajiandaa kusemwa. Kumbe alikuwa anaburuta waya mrefu wa umeme kutoka nyumbani, umejaa theluji, akaupitisha chini ya sufu mpaka kwenye mto, akampa ncha yake bila kumtazama.

Kati ya mbolezi moja na nyingine, Sezim aliazima simu ya Mirlan, akaingia kwa niaba ya mumewe kwenye kundi, ambamo yeyote anaweza kuongeza mtu, akamrudisha Burul. Pole za asubuhi nzima zilikuwa zimejipanga humo, mia moja na kumi na kitu. Kwa Burul hazingeonekana hata moja. Anayerudishwa haoni yaliyoandikwa akiwa nje, huona tu maneno madogo ya kijivu. Sezim alifikiri kumtumia zote, moja moja, usiku. Kisha akafikiri labda si zote.

Simu ilikuwa haitulii juu ya mto. Waya ulikuwa mzito, ukiivuta chini, na kila ilipoteleza Burul akawa anaimba kulielekea zulia. Sezim akachuchumaa nyuma ya mto, asionekane, akaishika kwa chini kwa vidole viwili, ikasimama wima. Miguu ilianza kufa ganzi. Hakuiachia.

"Wifi," Burul akasema ghafla, katikati ya kimya cha kungoja, na wanawake wote wakasikia. "Naviona vidole vyako."

"Nipo," Sezim akasema.